Silanti ya rangi ya gari: maswali ya wanaopaka na kuondoa wenyewe nyumbani

Majibu haya ni ya mwenye gari la kawaida: IST, Passo, Noah au Forester ya mkono wa pili kutoka Japani, linaloegeshwa juani Dar es Salaam, Tanga au Mombasa. Una ndoo, una kivuli cha kuazima, na una Jumamosi asubuhi. Bei sitazitaja kwa sababu kila duka lina yake.

Silanti ni kitu gani hasa? Si ni nta tu yenye jina la kisasa?

Hapana. Silanti ni polima ya kiwandani, mara nyingi yenye silikoni ndani yake, inayoshika juu ya rangi na kuacha utando mwembamba usioonekana kwa macho. Jua, chumvi ya bahari na kinyesi cha ndege huanza na utando huo kabla ya kuigusa rangi yenyewe. Ukiisha, unapaka mwingine.

Nta ya asili inayosifiwa sana, karnauba, hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Inang'aa vizuri, hasa kwenye gari jeusi au jekundu, lakini kwa joto la pwani usitegemee zaidi ya wiki chache. Silanti nzuri iliyopakwa juu ya rangi safi hukaa miezi mitatu hadi sita. Kinga ya rangi iitwayo seramiki ni ngazi nyingine: inaganda kweli kweli, inaweza kukaa miaka, na ukiipaka vibaya huitoi bila polishi. Kwa gari linalolala nje na kuoshwa mtaani, mimi naona silanti inatosha.

Itafuta mikwaruzo na kurudisha rangi iliyopauka?

Haitafuta. Inaweza kuficha mikwaruzo midogo kwa siku kadhaa, basi. Silanti hulinda kilichopo. Kama kilichopo ni kibovu, italinda ubovu.

Rangi ya kiwandani, kuanzia praima (rangi ya msingi) hadi juu, kwa kawaida ina unene wa kati ya mikroni 100 na 150 hivi; mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Kliya, ile tabaka ya juu isiyo na rangi inayotoa mng'ao, ni sehemu tu ya hapo, mara nyingi chini ya mikroni 50. Ule utando wa buibui unaouona boneti ikipigwa na jua ni mikwaruzo ndani ya kliya. Unaondolewa kwa polishi, yaani kwa kuipunguza kliya kidogo hadi ilingane na kina cha mkwaruzo. Kila polishi inakula akiba ambayo hairudi, ndiyo maana si kazi ya kila mwezi.

Kama kliya imeshababuka, yaani boneti na paa vina mabaka meupe yenye kingo zinazobanduka kwa ukucha, weka pesa yako mfukoni. Hapo hakuna silanti wala polishi. Ni rangi upya.

Nilipiga polishi gari langu jeupe, kitambaa kikawa cheupe. Nimeharibu?

Si lazima. Baadhi ya magari meupe ya Toyota ya miaka ya nyuma yana rangi ya tabaka moja isiyo na kliya juu, kwa hiyo ukisugua, unachoondoa ni rangi yenyewe. Ni kawaida kwa aina hiyo. Ila ujue unapunguza rangi, usitumie kampaundi kali (polishi nzito yenye chembe za kusugua), na silanti ni muhimu zaidi kwako, maana rangi hiyo ndiyo inayopigwa na jua moja kwa moja na huanza kuwa kama chokaa.

Huku pwani kuna ubaya gani wa pekee?

Jua la mchana, upepo wenye chumvi, na kunguru. Wale kunguru wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, na leo ukiegesha chini ya mkungu au mwarobaini mtaa wa Upanga, Dar, hutakosa alama yao. Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini kinachoumiza zaidi ni joto. Rangi ikipata moto inatanuka na kulainika. Jioni ikipoa, inajikaza kuzunguka kile kinyesi kilichokauka na kubaki na umbo lake. Unaosha, unafuta, alama bado ipo.

Silanti inakununulia saa kadhaa, haikupi ruhusa ya kuacha hadi Jumapili. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya kinyesi kwa dakika tano, kisha kiinue pamoja na uchafu. Usisugue kikiwa kikavu, maana kina mchanga na mbegu ndani. Utomvu wa mwembe na kinyesi cha popo chini ya miti ya matunda, ni habari ileile.

Ninunue nini?

Ndoo mbili, shampuu ya gari, taulo za mikrofaiba zisizopungua nne, sponji ndogo laini ya kupakia, udongo wa kusafishia rangi (ni bonge laini kama la kuchezea watoto), chupa ya spiriti ya hospitali, tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi, na silanti yenyewe. Kariakoo upande wa maduka ya spea vyote hivi vipo. Nairobi, jaribu Barabara ya Kirinyaga. Silanti chagua yenye jina la mtengenezaji na maelekezo yanayosomeka. Chupa isiyosema isubiri dakika ngapi kabla ya kufutwa, iache dukani.

Fulana za zamani ziache kwa dashibodi. Mishono yake inakwaruza. Dodoki lisikaribie gari kabisa.

Naandaaje gari kabla ya kupaka?

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kupaka kwenyewe ni sehemu ndogo, na wengi wanaolalamika kwamba silanti yao iliisha baada ya wiki mbili waliipaka juu ya uchafu.

Weka gari kivulini, subiri bodi ipoe. Mwagia maji kwanza bila kugusa, kuanzia paa, ili vumbi la juu liondoke lenyewe. Ndoo moja ni ya shampuu, nyingine ni ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kabla ya kurudi kwenye shampuu. Ukimaliza, angalia mchanga uliolala chini ya ile ndoo ya pili: huo wote ungekuwa unazunguka juu ya boneti yako. Osha kutoka juu kwenda chini, sehemu ya chini ya milango na bampa ziwe za mwisho. Rimu zina kitambaa chake, na hicho hakipandi juu.

Madoa ya lami kwenye kingo za chini, lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, kibonyeze juu ya doa kwa sekunde chache, futa, kisha paoshe tena pale kwa shampuu. Mafuta ya taa yakibaki, silanti haishiki.

Sasa fanya jaribio la mfuko. Vaa mkononi mfuko mwembamba, wa mkate unafaa, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na upitishe vidole taratibu juu ya boneti iliyooshwa. Mfuko unakuza kila kitu. Utahisi chembe chembe ambazo macho hayazioni: chuma kutoka kwenye breki, utomvu uliokauka, vumbi la rangi lililopeperuka kutoka gereji ya jirani. Hizo haziondoki kwa shampuu, zinaondoka kwa udongo. Nyunyizia maji yenye shampuu kidogo, telezesha udongo kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza, eneo dogo dogo. Mwanzoni unakwama na kutoa sauti. Pakishakuwa safi unateleza kimya. Ukunje uso mpya mara kwa mara. Ukianguka chini, usiusuuze ukaendelea nao. Tupa.

Kama utapiga polishi, ni hapa. Mwisho, changanya spiriti ya hospitali ya asilimia 70 na maji kiasi sawa, nyunyizia kwenye taulo na ufute bodi nzima. Hiyo inaondoa mafuta ya polishi na mabaki ya nta ya zamani.

Maji yangu ni ya kisima na yana chumvi.

Visima vingi vya Dar ndivyo vilivyo. Osha nayo ukitaka, ila suuza mwisho kwa maji ya bomba au ya mvua, hata ndoo moja tu, na kausha papo hapo kwa taulo. Usiache jua likukaushie. Kama madoa meupe ya duara yameshakaa, jaribu siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu: lowesha, subiri dakika moja au mbili, suuza vizuri. Yasipotoka, yameshachimba kliya na yanahitaji polishi.

Haya, sasa napakaje?

Asubuhi mapema au baada ya saa kumi na moja jioni. Weka mgongo wa mkono juu ya boneti. Kama hauwezi kutulia hapo, subiri. Kwenye bodi ya moto silanti inakauka kabla hujaisambaza, na utabaki na michirizi.

Bandika tepu juu ya plastiki nyeusi na mipira ya milango. Tikisa chupa vizuri. Matone machache kwenye sponji, kisha paka boneti nusu kwa mistari iliyonyooka inayopandana kidogo. Kosa la karibu kila mtu anayeanza ni kupaka nyingi. Safu nene haidumu zaidi. Kinachozidi unakifuta na kukitupa, tena kwa jasho. Kwa gari dogo kama Vitz, mililita 30 za silanti ya maji maji zinatosha bodi nzima na zinaweza kubaki.

Kisha iache ipate ukungu. Maelekezo yatasema dakika kumi au kumi na tano, lakini siku zenye unyevu mwingi wa Dar inachukua zaidi, kwa hiyo amini kidole kuliko saa: pitisha kidole kimoja juu ya ukungu. Kikiacha njia safi inayong'aa, futa. Kikiburuza kama mafuta, bado. Futa kwa taulo ya kwanza, geuza upande, kisha pitisha taulo ya pili kavu. Angalia kwa kuinama ubavuni, mwanga ukiwa mbele yako, maana ukisimama wima huoni michirizi.

Safu ya pili ni hiari, na faida yake ni kuziba mahali ulipokosa. Ipe ya kwanza muda ulioandikwa kwenye chupa. Kwa nyingi ni saa 12 hadi 24, na katika muda huohuo gari lisinyeshewe wala lisioshwe. Aina za kunyunyizia gari likiwa bado limelowa na kusuuza hapohapo zina haraka yake, lakini hazikai muda mrefu kama hizi. Zinafaa kuongezea kati ya upakaji mmoja na mwingine.

Nimechelewa kufuta, imeganda.

Usikwangue. Paka silanti mbichi kidogo juu ya ile iliyoganda, italainisha ya chini, kisha futa zote mbili mara moja. Ikikataa, tumia mchanganyiko wa spiriti, na eneo hilo ulipake upya.

Naruhusiwa kupaka vioo, taa na plastiki?

Taa ndiyo, zinanufaika sana na kinga ya jua. Rimu pia, zikiwa safi na baridi. Kioo cha mbele hapana: waipa zitaanza kuruka na usiku wa mvua utaona ukungu wa taa za wenzako. Plastiki nyeusi isiyopakwa rangi inabaki na doa jeupe baya. Likitokea, mswaki wa zamani na maji ya sabuni, papo hapo kabla halijakauka.

Gari limetoka gereji kupigwa rangi wiki iliyopita.

Subiri. Rangi ya gereji nyingi za mtaani inakaushwa na hewa, na tina (kiyeyusho cha rangi) iliyomo ndani inaendelea kutoka kwa wiki kadhaa hata kama juu pamekauka. Ukiziba mapema, inanaswa, na rangi inabaki laini au inavimba. Angalau siku 30, na mwulize fundi aliyepiga alitumia rangi ya aina gani, kwani yeye ndiye anayejua kama uiongezee muda. Kuosha kwa maji na shampuu laini hakuna tatizo.

Kijana anayeniosha gari kila mara anasema, "Bosi, nikupigie na dawa?" Nikubali?

Mwulize dawa ipi, akuoneshe chupa. Mara nyingi utaoneshwa chupa ya maji ya kunywa yenye kitu cheupe ndani, na hakuna ajuaye kilichomo. Inang'aa hadi mvua ya kwanza. Nyingine zina mafuta tu, ambayo yanakusanya vumbi na kulibandika.

Tatizo kubwa la kuosha mtaani, hata hivyo, ni sabuni ya unga na kile kitambaa kimoja kinachoanzia kwenye rimu na kuishia kwenye paa. Sabuni ya nguo ni kali, na inamaliza silanti kabla ya wakati wake. Usigombane naye. Beba shampuu yako na taulo mbili kwenye buti, mwambie, "Mdogo wangu, leo tumia hii, na ya rimu usiipandishe juu," umwongezee kitu kidogo. Wengi wanashika haraka, na akishajua gari lako, huna haja ya kumwambia tena.

Nitajuaje kwamba imekwisha?

Kwanza osha. Gari chafu linaweza kuonekana halina silanti kumbe ipo chini ya vumbi. Likiwa safi, mwagia maji: yakijikusanya kuwa matone ya duara na kukimbia, bado ipo. Yakitandaa na kubaki yamelala, imekwisha au inakaribia. Paa na boneti hutangulia kwisha, milango hufuata baadaye, kwa hiyo hakuna sheria kwamba lazima upake gari zima kwa siku moja.

Kuna haja gani ya kuiondoa? Si iishe yenyewe?

Kwa kawaida ndiyo, iache iishe, na kuongeza safu juu ya ya zamani ya aina ileile hakuna shida. Unaondoa ikiwa imeisha kwa mabaka na michirizi, ikiwa unataka kupiga polishi, ukihamia seramiki au silanti ya aina nyingine, au gari likienda kupigwa rangi. Hilo la mwisho ni zito. Silikoni ikibaki kwenye bodi, rangi mpya inakimbia pale na kuacha vishimo vya duara ambavyo mafundi wanaviita macho ya samaki. Mwambie fundi mapema kwamba gari lilipakwa silanti. Yeye anafuta kwa dawa yake kabla hajaanza kupiga msasa, maana msasa ukitangulia unaisambaza silikoni na kuisukuma ndani.

Basi naiondoaje nyumbani?

Anza na njia laini, simama inapotosha.

Osha kwa shampuu, kisha pitisha udongo kama ilivyoelezwa juu. Udongo unachukua sehemu kubwa ya silanti iliyochoka. Fuata na mchanganyiko wa spiriti, paneli moja moja, taulo mbili, na ubadilishe upande mara kwa mara, la sivyo unahamisha mabaki kutoka mlango mmoja kwenda mwingine. Kwa silanti iliyokaa miezi, mara nyingi hapo umemaliza.

Ikiwa bado maji yanajikusanya, tumia kisafishaji cha kuondoa grisi kilichochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa, juu ya bodi ya baridi, na kisikaukie hapo. Suuza sana.

Njia ya uhakika ni polishi nyepesi kwa mkono au kwa mashine inayotikisika, kwa sababu inaondoa utando pamoja na ngozi ndogo sana ya kliya. Ile mashine ya kuzunguka tu, ya kasi, waachie waliozoea. Kwenye kingo za boneti na mistari ya milango inachoma rangi ndani ya sekunde. Usipige polishi kama huna sababu nyingine ya kuipiga.

Sabuni ya vyombo je? Wengi wanasema inatoa kila kitu.

Inatoa mafuta na nta, silanti iliyoshika vizuri inaidhoofisha tu. Kinachowachanganya watu ni kwamba baada ya kuosha, maji hutandaa na mtu akadhani bodi ni tupu. Mara nyingi ni mabaki ya sabuni yanayozuia matone. Suuza tena kwa maji mengi, au futa kwa spiriti, ndipo upime. Na isiwe sabuni yako ya kila wiki.

Petroli? Tina?

Usithubutu. Tina inaweza kulainisha au kuinua rangi, hasa iliyopigwa mtaani. Petroli inawaka, mvuke wake ni mbaya kwako, na inaacha mafuta. Dizeli inang'arisha kwa muda na kuacha utando wa mafuta unaoshika vumbi. Maji ya breki ndiyo mabaya kuliko yote, yanabandua rangi. Yakidondoka hata bahati mbaya, mwagia maji mengi mara moja.

Naweza kuchanganya na nta?

Silanti kwanza, ikomae, kisha nta juu yake ukipenda mng'ao. Ukianza na nta, silanti haina pa kushika.

Nipake miezi gani?

Februari au mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika. Kisha Juni, mvua zikikatika, maana hewa imepoa kidogo na bodi haichemki mapema. Anayeegesha karibu na bahari au anayepanda pantoni ya Kigamboni kila siku aongeze ya Oktoba kabla ya vuli. Wa Arusha au Nairobi wenye gereji ya kulaza gari, mara mbili zinatosha.

Chupa iliyobaki niiweke wapi?

Ndani ya nyumba, kifuniko kimekazwa, mbali na watoto. Isikae kwenye buti, joto la humo linaiharibu. Ukiitikisa na bado imejitenga maji huku na mabonge huku, usiipake tena kwenye gari.